Kidole kimeota sugu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nafundisha shule ya msingi Mbagala, nasimama kutwa. Viatu vyangu vya kuchongoka vimeniotesha sugu kidole kidogo. Nataka vya starehe, ila vipendeze na gauni la kitenge.

JIBU: Marahaba, mwanangu, pole sana. Nimeuza viatu soko la Karume miaka tisa, na sugu hiyo nimeiona kwa wengi.

Usinunue asubuhi. Nenda saa kumi jioni, mguu ukiwa umeshavimba. Kabla ya kutoka nyumbani, simama juu ya karatasi, chora unyayo wako, ukate, kisha uingize ndani ya kiatu. Karatasi ikijikunja pembeni, kirudishe, hata muuzaji akiapa kitatanuka. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kikunje pia: kizuri hupinda penye vidole, si katikati. Kama ni mtumba, bonyeza soli kwa ukucha. Ikipukutika, imezeeka, itakuachia njiani.

Kwa kitenge, napenda raba nyeupe isiyo na maandishi. Kitenge kina maua ya kutosha.

Na hiyo sugu usiikate kwa wembe, mama, hasa kama una kisukari.