Bibi Mwalimu Anajibu: Mkonge, Doti ya Kanga na Mimea Iliyozaliwa Juzi

SWALI: Shikamoo Bibi Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Pangani. Babu yangu alikata mkonge miaka mingi, na ndiye aliyenionyesha kwamba mlingoti wa mkonge hauzai mbegu, unazaa miche. Shuleni tumefundishwa kuwa spishi mpya hutokea polepole, kwa maelfu na mamilioni ya miaka. Lakini kuna kitabu kinasema mimea inaweza kupata spishi mpya kwa kizazi kimoja tu, kwa njia ya poliploidi, yaani kuwa na seti za kromosomu zaidi ya mbili. Lipi la kweli? Na mkonge wetu unaingia wapi hapo?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma barazani mara mbili, ya pili kwa sauti ili na jirani yangu asikie, maana umeuliza jambo ambalo miaka yote niliyoshika chaki hapa Tanga nililifundisha nusu. Wanafunzi wangu waliondoka wakijua njia ya polepole peke yake. Njia hiyo ipo. Ya mkato nayo ipo, na mimea imeitumia mara nyingi kuliko wanyama.

Marehemu mama yangu aliuza kanga Ngamiani, kwa hiyo nitakueleza kwa kanga. Kanga huuzwa kwa doti: vipande viwili, pindo moja, mji mmoja, jina moja. Kromosomu za mmea, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi, nazo ziko hivyo. Kila doti ina kipande kilicholetwa na chavua na kipande kilichotoka kwenye yai. Siku mmea unapotengeneza chavua yake au mayai yake, lazima kila doti ikatwe katikati, kipande kiende huku na kipande kiende kule. Na haikatwi ovyo. Kwanza kila kipande kinamtafuta mwenzake, vinalala sambamba, ndipo vinatenganishwa.

Sasa chukua spishi mbili za jamaa zilizochavushana. Mtoto wao ni chotara. Anaota vizuri, pengine kwa kimo anawapita wazazi wote wawili, ila kabati lake limejaa vipande visivyo na wenzake: pindo la korosho huku, pindo la maua kule. Saa ya kukata ikifika, hakuna kinachomtambua mwingine. Vipande vinagawanywa shaghalabaghala, chavua inatoka haina uwezo, mayai vilevile. Chotara huyo ni tasa.

Mara mojamoja, seli ya chotara hunakili kromosomu zake zote kama kawaida, halafu ikashindwa kujigawa. Au chavua na yai vinatoka bila kukatwa, kila kimoja kimebeba kabati zima. Mmea unaoota kutoka hapo una kila kitu maradufu. Kile kipande cha pindo la korosho kilichokuwa peke yake sasa kina nakala yake, na cha maua vivyo hivyo. Kabati lote limegeuka doti. Aliyekuwa tasa anazaa mbegu, na mbegu zinaota. Hiyo ndiyo poliploidi ya machotara, na hutimia kwa kizazi kimoja au viwili, kama kitabu chako kilivyosema.

Utaniuliza: kwa nini tumwite spishi mpya? Kwa sababu hawezi tena kurudi kwa wazazi. Seti moja ni kipande kimoja cha kila aina ya doti: yeye ana seti nne, mzazi ana seti mbili. Wakichavushana, mtoto anapata mbili kwa huyu na moja kwa yule, jumla tatu. Doti na kipande cha ziada. Ukataji unavurugika tena, na mtoto anakuwa tasa. Ukuta umejengwa kati yao, ingawa wanaota bega kwa bega kwenye udongo uleule.

Mambo haya yameshuhudiwa, na mfano ninaoupenda ni wa bandarini, maana sisi ni watu wa bandari. Pwani ya kusini ya Uingereza, kwenye matope ya Southampton, kulikuwa na nyasi za kienyeji za jenasi Spartina, zinazoishi panapojaa na kukupwa kama mikoko yetu. Jamaa yake wa Marekani akafika huko katika karne ya 19, yaelekea kwa meli. Mwaka 1870 chotara wao alionekana hapo, naye alikuwa tasa, akienea kwa mizizi tu. Kufikia miaka ya 1890 zikapatikana nyasi kama zile, ila zenye mbegu nzima. Wazazi wana kromosomu takriban 60 kila mmoja. Hizi mpya zina takriban 120. Leo zinaitwa Spartina anglica, zimefunika matope mengi ya Ulaya, na watu walizipeleka mpaka China ili zishike udongo wa pwani. Mzee aliyezaliwa Pangani mwaka 1860 alikuwa mkubwa kwa umri kuliko spishi nzima!

Huko Marekani, jimbo la Washington na jirani yake Idaho, mtaalamu Marion Ownbey alitangaza mwaka 1950 spishi mbili mpya za mimea ya maua ya jenasi Tragopogon. Wazazi wao walitoka Ulaya, wakakutana huko mwanzoni mwa karne ya 20. Wazazi kromosomu 12, watoto 24. Hesabu ya darasa la pili.

Ukitaka ya zamani, iko kwenye kikombe cha kahawa chungu unachonywea na kashata. Kahawa ya arabika ina kromosomu 44. Robusta, ile ya Kagera, ina 22. Arabika ni mtoto wa robusta na mbuni mwingine wa porini wa Afrika Mashariki, Coffea eugenioides, wenye 22 pia. Walikutana malaki ya miaka iliyopita, kabla mtu yeyote hajachemsha buni.

Haya, mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, huko kwenu Pangani. Mkonge huo, Agave sisalana, una seti tano za kromosomu, kama 150 hivi. Tano haigawanyiki kwa mbili, na hapo ndipo alipo babu yako: maua yanaanguka, tunda ni nadra sana, na badala yake mlingoti unajaa miche midogo ambayo ni nakala ya mama yao. Kisha mama anakufa. Babu hakuhitaji darubini kuliona hilo, na naomba umwambie kwamba Bibi Mwalimu wa Tanga amemsalimu.

Huenda umesikia pia habari za chotara 11648, aliyezalishwa na watafiti wa mkonge wa huku kwetu, ambao kituo chao kiko Mlingano, Muheza. Walichukua Agave amaniensis, iliyopewa jina la Amani yetu ya Usambara, wakaichanganya na Agave angustifolia, halafu mtoto wakamrudisha kwa amaniensis. Anatoa majani zaidi ya mara mbili ya mkonge wa kawaida. Yeye si poliploidi, ana seti mbili, na kwa maoni yangu si spishi mpya. Mkulima ndiye anayemzalisha kwa miche yake. Spishi inajitegemea kwa uzazi wake, kama zile nyasi za matopeni.

SWALI: Mwalimu, habari za siku? Niko Muheza. Migomba yangu ya bokoboko na mkono wa tembo imeanza kunyauka, mmoja baada ya mwingine. Kijana mmoja ameniambia nitafute mbegu za ndizi nianze upya. Zinauzwa wapi?

JIBU: Pole sana dada yangu, mgomba ni chakula cha nyumba na najua uchungu wake. Mbegu hizo usizitafute, utapoteza fedha. Kata ndizi mbivu uangalie katikati: vile vijidoa vyeusi ndivyo vilivyopaswa kuwa mbegu. Ndizi za porini za Asia ya Kusini-Mashariki zina mbegu ngumu kama changarawe, na kromosomu 22. Bokoboko na mkono wa tembo ni machotara wa spishi mbili za huko, wana 33, seti tatu. Ni ile doti na kipande cha ziada niliyomweleza mjukuu wa Pangani hapo juu. Utasa huo ndio unaotupa ndizi laini ya kupika.

Lakini una gharama yake, na hili naliona kila nipitapo mashambani. Kila chipukizi ni nakala ya mama, kwa hiyo ugonjwa unaomwangusha mmoja unaweza kuwaangusha wote. Ndizi ya Gros Michel iliyokuwa ikiuzwa duniani kote iliondolewa sokoni na mnyauko wa Panama kufikia miaka ya 1960. Watafiti wa Uganda, pamoja na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki (IITA), wamezalisha migomba chotara iitwayo NARITA kwa kazi ngumu sana: wanachavusha kwa mkono, wanachambua mikungu kutafuta mbegu chache, wanapata mgomba wenye seti nne, kisha wanamrudisha kwa mwenye seti mbili ili mjukuu awe na tatu, aliwe.

Kwako wewe sasa: migomba iliyonyauka usiihamishe wala usichukue machipukizi kwenye shina lake. Panga lililokatia mgomba mgonjwa lipitishe motoni kabla ya kugusa mwingine. Mwite bwana shamba wa kata aje auone ungali umesimama. Machipukizi mapya yachukue kwenye shamba lisilo na ugonjwa, yale yenye majani membamba kama upanga, na uyapande mbali na pale ilipofia migomba yako.