Kabla hujamfungia nduguyo mlango

Mwanangu Zuhura,

Waaleikum salaam. Ujumbe wako niliusoma jana baada ya alasiri, na usiku babako alipolala nikaurudia. Umeuliza mawili kwa mpigo: Athmani wa mjomba wako akija kwako Nairobi kama anavyotaka, umfungie chumbani siku ngapi ndipo madawa yamtoke mwilini; na kama ni kweli unga ndio mbaya kupita vyote, maana ndivyo unavyoambiwa kazini. Nakujibu la kwanza, la pili litajitokeza humohumo.

Mlango usiufunge kwanza. Muulize anatumia nini, na nini kingine, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Muulize huku unamenya viazi, si umemkalisha kitako kama askari. Teja wa kitu kimoja hapa Malindi siku hizi ni nadra. Atatafuna muguka asubuhi, mchana avute kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, jioni ashushie na tembe za bugizi, na pombe ya mnazi akikaribishwa hakatai. Wewe ukimwona umemaliza: huyu ni wa unga. Kumbe kitakachomtia hatarini humo chumbani huenda kikawa kile ambacho hata hakukutajia.

Nianze na huo unga wenyewe. Ni heroini, itokayo kwenye afyuni ya Afghanistan, na njia yake kubwa kufika pwani yetu ni majahazi. Mjini kwetu uliingia miaka ya 1980, kwanza ule wa kahawia wa kuvuta, na baadaye ukaja mweupe, na mweupe ndio ulioleta sindano. Ukishaingia ubongoni unakaa palepale inapokaa mofini tunayompa mgonjwa mwenye maumivu makali. Maumivu yanakwisha, wasiwasi unakwisha, na pumzi nayo inapungua. Ndipo utamwona mtu anasinzia amesimama, anajikuna pua na shingo, mboni za macho zimekuwa vitone tu hata kwenye giza. Choo kinamfunga siku nyingi. Wanaopeana sindano wanapeana na ukimwi na homa ya ini, na majipu ya mikononi nimeyapasua mengi.

Arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, huanza baada ya muda wa saa sita hadi kumi na mbili tangu mara ya mwisho. Atapiga miayo mfululizo, kamasi na machozi vitamtoka, ngozi itamsisimka vinyweleo. Siku ya pili na ya tatu ndizo za moto: kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi hakuna, na zile mboni sasa zimepanuka. Kwa juma moja hivi mwili unatulia. Atakuapia kwamba anakufa. Kijana asiye na maradhi mengine hafi kwa arosto ya unga, mradi tu maji yasimwishie mwilini, kwa hiyo maji ya chumvi na sukari ayanywe kidogo kidogo hata kama anayatapika.

Kinachoua ni cha baada ya hapo, na hili ndilo nataka ulishike. Mwili uliozoea unga hujifunza kuustahimili, ndiyo sababu kila mwezi anaongeza. Akikaa majuma mawili matatu bila kuutumia, ustahimilivu ule unaondoka, lakini hamu haiondoki. Akitoka kwako amepona, akapanda basi, akashuka Malindi, akakutana na wenzake wa maskani, atapima kile kipimo chake cha zamani. Sisi hospitalini tuliwajua hawa: katoka jela wiki hii, au katoka kufungiwa bara kwa jamaa zake. Waliletwa kwa tuktuk, midomo ya samawati, pumzi moja, unasubiri, unasubiri, nyingine. Ukiwahi na sindano ya nalokisoni, dawa ya kuzima nguvu ya unga, unaona muujiza, mtu anaketi na kukutukana kwamba umemharibia hela yake. Lakini nalokisoni humwisha mwilini mapema na unga bado umo, kwa hiyo hata akiamka haachwi aende zake. Na wengi hawawahiwi, maana wenzao wanakimbia wakiogopa polisi, au wanamwagia maji baridi wakingoja azinduke. Ukimkuta hivyo, mlaze ubavu asipaliwe na matapishi, mpulizie pumzi kama imekatika, na hospitali upesi.

Sasa mnazi, ambao mjomba wako anasema si madawa, ni kinywaji cha wazee. Ukigemwa asubuhi ni tamu na laini, ukifika jioni umechachuka na umekuwa mkali. Nilipokuwa wodi ya wanaume tuliletewa mgema aliyeanguka juu ya mti akavunjika paja. Mtu mpole, hana maneno. Siku ya kwanza kimya. Ya pili mikono ikawa inamtetemeka hadi kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Ya tatu, usiku, nilimkuta ameketi anaokota siafu kwenye shuka, mmoja mmoja, anawakusanya kiganjani, na shuka nyeupe pee haina hata mdudu. Jasho linamchuruzika, moyo unamwenda mbio. Mkewe akasema ni mwenye shamba kamroga. Hakurogwa na mtu. Alikuwa amezoea kunywa kila siku, na pale kitandani hakupata hata tone. Pombe kila siku inatuliza neva, nazo neva zinajikaza zaidi ili zisilale. Ukiondoa pombe ghafla, kule kukaza kunabaki peke yake. Degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, kuweweseka siku ya pili mpaka ya nne, na hali hiyo isipotibiwa inaua. Yule tulimtuliza kwa diazepamu, maji ya mshipa na vitamini B1, akarudi akili zake. Angekuwa amefungiwa chumbani kwake, wangemzika wakisema ni uchawi.

Na bugizi ni hivyohivyo. Ni tembe za usingizi za jamii ya Valium. Aliyezimeza kila siku kwa miezi hakatizwi ghafla, anapunguziwa polepole na daktari, la sivyo degedege. Tena zikikutana na unga mwilini, vyote viwili vinakandamiza pumzi kwa pamoja, na wengi wa wale wa midomo ya samawati walikuwa wamechanganya. Kwa hiyo Athmani akikujibu kwamba yuko kwenye unga na tembe, au unga na pombe ya kila siku, habari ya chumba na kufuli imekwisha.

Hivyo vingine havitakulaza macho. Muguka na miraa vina kathinoni, inayochangamsha. Moyo unaenda kasi, presha inapanda, njaa na usingizi vinapotea, na fizi na meno ukiyaona utamhurumia. Akiacha atalala mno, atanuna, ataota ndoto mbaya, basi. Mwaka 2024 kaunti yetu ya Kilifi pamoja na Mombasa na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, serikali kuu ikapinga, mahakama ikaingilia, na watafunaji wanaendelea. Mimi binafsi naona zilipigwa kelele nyingi juu ya majani, huku tembe zikiuzwa kwenye maduka ya dawa bila cheti. Bangi inamwekundisha macho, inampa njaa na kumpunguzia kumbukumbu. Kwa kijana aivutaye sana tangu utotoni inaweza kuwasha wazimu, hasa kama ukoo una ugonjwa huo. Akiacha atakuwa mkali na kukosa usingizi kwa muda. Kuberi aliyoificha chini ya mdomo mwache nayo kwa sasa. Ni tumbaku na inaleta saratani ya kinywa, lakini huwezi kumvua mtu kila kitu siku moja.

Sasa la kufanya. Mpeleke Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili hapo Nairobi. Najua jina lenyewe litamtisha, na mama yake atalia kwamba mwanawe kafanywa mwendawazimu. Mwambie kliniki ya kwanza ya methadoni, dawa inayopewa mtu badala ya unga, Kenya ilianzia pale mwishoni mwa 2014, na yetu hapa Malindi ikafuata 2015, kwa hiyo akirudi nyumbani anaweza kuhamishiwa huku. Watampima mkojo, watamuuliza yaleyale niliyokuambia umuulize, na wataanza na kipimo kidogo wakipandisha. Ni dawa ya maji, anainywa mbele ya muuguzi kila siku. Inakaa palepale unapokaa unga, lakini polepole na kwa zaidi ya siku nzima, kwa hiyo arosto haiji, na hana haja ya kuamka akiwaza ataiba nini.

Mjomba wako anasema huko ni kumtoa mtu kwenye kilevi na kumtia kwenye kilevi. Nimeshamsikia, na simkubalii. Nimewaona vijana wa mitaa yetu ya Barani na Maweni wanapita kunywa dawa yao saa mbili, saa tatu wako kwenye tuktuk wanapakia abiria. Wengine wapo miaka, wengine walishaiacha. Na wapo walioupenda zaidi mpango wa kukaa mbali kabisa, kama wale waliopitia Omari Project, kituo cha kuachisha madawa hapa kwetu, na hao pia siwakatai. Kila mtu na mwili wake. Ila hao nao wakitoka ndio wenye ile hatari niliyokueleza, kwa hiyo akichagua njia hiyo, siku ya kurudi lazima awepo wa kumpokea kituo cha basi.

Nauli yake nimemtumia mama yake, si yeye. Akifika mpe uji kabla ya maswali, kisha uniandikie alichojibu, jina la kila tembe na ngapi kwa siku. Pesa usiache mezani, na hilo usimfanyie siri, mwambie kabisa kwamba ni mimi niliyekuagiza. Piga baada ya isha, mchana simu inakuwa na mjomba wako na sitaki aanze hotuba zake.

Mamako
Malindi