Deni ambalo kijana hakukopa: jibu kwa aliyenunua jezi ya Basallo

Ndugu yetu ameuliza kama tumedanganywa. Alinunua jezi ya Samuel Basallo mwezi Agosti 2025, siku chache baada ya Baltimore Orioles, timu ya besiboli ya Marekani, kumpa kijana huyo mkataba wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 67, kisha akakaa mbele ya runinga mpaka msimu ukaisha akimtazama akipiga kwa wastani wa .165 katika michezo 31. Kwa wasioufuata mchezo huu, wastani wa .165 maana yake ni kwamba katika kila nafasi 100 za kupiga, mchezaji amefaulu mara 16 au 17, ilhali mpigaji mzuri hufaulu kati ya mara 27 na 30. Ndugu yetu anauliza pia kama wanaopanga orodha za chipukizi bora wanajua wanalolifanya. Nitajibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe, kwa kuwa nimeishi Baltimore tangu mwaka 2009, nimeshawasubiri chipukizi kadhaa wa aina hiyo, na kwa mmoja wao nilifanya jambo ambalo nalionea haya mpaka leo.

Nilifika kutoka Tanga bila kujua chochote kuhusu besiboli. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi ghalani ndiye aliyenipeleka uwanja wa Camden Yards tarehe 29 Mei 2009, akiniambia tu kwamba siku hiyo anakuja mwenyewe. Huyo mwenyewe alikuwa Matt Wieters, mdakaji (anayeketi nyuma ya mpigaji na kuipokea mipira ya mrushaji) aliyechaguliwa wa tano katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2007, ambaye mashabiki walikuwa wameshamtungia vichekesho vya kumkuza kana kwamba ni pandikizi la hadithini. Watazamaji walizidi elfu 40 katika uwanja uliokuwa umezoea viti vitupu, kwa sababu timu ilikuwa haijamaliza msimu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo tangu mwaka 1997. Wieters alipata nafasi nne za kupiga na hakupata kitu. Siku iliyofuata alipata pigo lake la kwanza, la kumfikisha besi ya tatu, na baadaye akaitwa katika kikosi cha nyota mara nne na kupata tuzo ya Gold Glove, ya ulinzi bora, mara mbili. Hata hivyo, wastani wake wa maisha yote ya uchezaji ulikuwa .249, na mzee wangu yule alistaafu akiwa bado anamwita "yule aliyeshindwa". Mtu ameitwa nyota mara nne, na bado machoni pa mtu aliyempenda kuliko wote ameshindwa. Sikulielewa jambo hilo wakati huo, na ilinichukua miaka 15 na aibu yangu mwenyewe kulielewa.

Kuanzia mwaka 2018 timu yetu ilipoteza kwa namna ambayo ukimsimulia mtu hadhani kama unasema kweli. Mwaka huo ilipoteza michezo 115 kati ya 162, mwaka 2019 ikapoteza 108, na mwaka 2021 ikapoteza 110. Uongozi mpya ulioingia mwishoni mwa mwaka 2018 haukuficha kwamba ungejenga upya kutoka chini, na kwa utaratibu wa wakati ule aliyefungwa zaidi ndiye aliyechagua kwanza kati ya vijana wapya, kwa hiyo kila kipigo kilikuwa na faida yake. Sisi tuliendelea kulipa kiingilio na maegesho. Tulichoambiwa, hata kama si kwa maneno haya, ni kwamba tuvumilie sasa, malipo yanakuja. Alipochaguliwa Adley Rutschman wa kwanza mwaka 2019 malipo yakaanza kuonekana, na timu ikashinda michezo 101 mwaka 2023. Alipochaguliwa Jackson Holliday wa kwanza mwaka 2022, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari na mtoto wa Matt Holliday aliyekuwa nyota kabla yake, tulimhesabu kuwa ndiye salio la deni.

Hapo ndipo lilipo jibu langu. Shabiki wa timu iliyopoteza makusudi huja uwanjani kama mdai. Halindi tena matumaini, analinda daftari. Na anayekuja kumdai ni kijana wa miaka 20 ambaye hakukopa chochote kwake.

Holliday aliitwa tarehe 10 Aprili 2024, akiwa ndiye namba moja katika orodha za chipukizi wote wa Marekani. Alipewa jezi namba 7, ambayo Orioles hawakuwa wamempa mtu tangu enzi za Cal Ripken mkubwa, aliyewahi kuwa kocha wao, na hilo peke yake lilitosha kumtwisha mzigo. Mchezo wa kwanza ulikuwa Boston, kisha siku ya Ijumaa akaja nyumbani kucheza na Milwaukee. Niliacha zamu yangu ya usiku bila malipo, nikanunua tiketi mbili kwa mlanguzi kwa bei ambayo mke wangu hajaambiwa kamili, nikamchukua mwanangu, nikavaa jezi namba 7 niliyoinunua asubuhi ile ile. Kijana hakupata pigo lolote. Tulifungwa vibaya. Alipotolewa kwa straiki tatu, yaani mipira halali aliyoikosa au kuiacha ipite, mbele yetu, nilisimama na kumzomea kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo nisingependa mwanangu ayajue, na bahati mbaya anayajua, kwa kuwa mama yake amemlea katika lugha yetu. Njiani kurudi nyumbani nilijikuta nikijumlisha tiketi, maegesho, jezi na saa nane za kazi, nikizigawa kwa idadi ya mipira aliyoikosa. Nilikuwa namwandikia hati ya madai.

Pigo la kwanza alilipata Jumapili ya tarehe 14, na uwanja mzima ulisimama kumshangilia, mimi nikiwa kazini kufidia zamu ya Ijumaa. Baada ya michezo kumi alikuwa na mapigo mawili katika nafasi 34, na alikuwa ametolewa kwa straiki mara 18. Tarehe 26 Aprili akarudishwa Norfolk, kwenye timu ya Triple-A, ambayo ni ngazi ya mwisho chini ya Ligi Kuu.

Wapo watakaokwambia kwamba nafasi 34 ni chache mno na kwamba ile ilikuwa bahati mbaya tu. Sikubaliani nao kikamilifu. Bahati mbaya humpata mpigaji anayeugonga mpira sawasawa ukaangukia mikononi mwa mlinzi. Mtu anayetolewa kwa straiki katika nusu ya safari zake zote kwenye sahani ya kupigia ana shida ya kweli, na kuikana shida hiyo ni njia nyingine ya kutomwona. Holliday hakuwa tayari. Katika mwaka 2023 alikuwa amepandishwa ngazi zote nne za ligi ndogo, kutoka Delmarva hadi Aberdeen, Bowie na Norfolk, akipiga kwa wastani wa .323, na mpaka anaitwa Ligi Kuu alikuwa hajatimiza michezo 30 katika ngazi ya Triple-A. Warushaji wa Norfolk na wapinzani wao ni vijana wanaopanda pamoja na watu wazima wanaoshuka, na wengi wao wana aina moja nzuri ya kurusha mpira na nyingine ya kubahatisha. Warushaji wa Ligi Kuu wana aina tatu au nne nzuri, na zaidi ya hapo wana watu wa takwimu wanaowaambia, kabla ya mchezo wa pili, ni wapi hasa kijana mpya hawezi kufika. Isitoshe, msimu ule katika Triple-A straiki ziliamuliwa kwa msaada wa mitambo, siku nyingine mipira yote, siku nyingine kwa rufaa tu. Kijana aliyezoea kuuacha mpira wa ukingoni upite kwa sababu mtambo hauonei mtu anafika juu na kukutana na mwamuzi binadamu mwenye mkono mpana, anayeuhesabu mpira huo kuwa straiki.

Mwezi Mei niliendesha gari mpaka Norfolk, kwa saa zaidi ya nne, nikimwambia mke wangu kwamba nakwenda kumsalimu rafiki. Nilitaka tu kumwona. Uwanja wa Harbor Park uko kando ya mto, watu walikuwa wachache, na niliweza kusikia sauti ya mpira ukiingia kwenye glavu ya mdakaji. Hakufanya maajabu. Alipata kwenda besi ya kwanza bila kupiga, akatolewa mara mbili, akakimbia kurudi kwenye benchi jinsi anavyokimbia mtu yeyote aliye kazini. Nyuma yangu palikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akifuma huku akitazama, ambaye kwa hakika hakuwa anamdai mtu kitu. Nilimwonea wivu.

Kuhusu orodha, wanaozipanga hawadanganyi, ila sisi tunazisoma vibaya. Anayemweka kijana namba moja anasema kwamba, akilinganishwa na vijana wenzake, huyu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mchezaji mwenye thamani katika kipindi cha miaka mingi. Hasemi lini. Sisi tunaongeza tarehe kwa mkono wetu, na timu, ambazo zina jezi za kuuza, hazina haraka ya kutusahihisha.

Utatajiwa pia Mike Trout, kwamba alipiga kwa wastani wa .220 katika michezo yake 40 ya mwaka 2011 na mwaka uliofuata akawa mchezaji mpya bora wa ligi yake. Ni kweli, lakini anayekutajia Trout mwulize na habari za Brien Taylor, mrushaji aliyechaguliwa wa kwanza na Yankees mwaka 1991, akalipwa dola milioni 1.55, akaumia bega katika ugomvi mwezi Desemba 1993 na hakufika Ligi Kuu hata siku moja. Mifano ya walioinuka huwa mingi kwa sababu walioanguka hawana wa kuwasimulia. Mimi naona mfano wenye mafunzo zaidi ni Spencer Torkelson wa Detroit, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2020. Mwaka 2022 alipiga kwa wastani wa .203 na kurudishwa ligi ndogo, mwaka 2023 akapiga mipira 31 nje ya uwanja, mwaka 2024 akarudishwa tena ligi ndogo, na mwaka 2025 akapiga 31 tena. Ukimuuliza shabiki wa Detroit kama Torkelson alifaulu au alishindwa, jibu litategemea mwaka uliomuuliza.

Kuna aliyemjibu ndugu yetu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akimaanisha kwamba sifa ndizo zilizomharibu Basallo. Methali hiyo haimfai. Mgema wa methali alizembea. Huyu kijana wa Jamhuri ya Dominika, aliyeitwa siku nne baada ya kutimiza miaka 21 akiwa na kazi ngumu ya udakaji, hajatia maji popote. Sisi ndio tuliomwaga vibuyu vyetu mapema tukisubiri cha kwake.

Holliday aliitwa tena tarehe 31 Julai 2024. Siku hiyo, besi zote tatu zikiwa na watu, aliupiga mpira wa mrushaji wa Toronto ukatua Eutaw Street, njia iliyo nyuma ya uwanja upande wa kulia. Nilisikia habari hiyo kwenye simu ya mwenzangu ghalani, huku jezi yangu ikiwa imekunjwa kabatini tangu Mei. Hata hivyo alimaliza mwaka akiwa na wastani wa .189, na mwaka 2025 akafikisha .242 na mipira 17 nje ya uwanja, hesabu za mchezaji wa kawaida mwenye miaka 21.

Tarehe 5 Septemba 2025, huyo Basallo wako wa .165 aliupiga mpira nje katika awamu ya mwisho na kuwamaliza Dodgers papo hapo. Kesho yake nilikwenda uwanjani na mwanangu, kwa kuwa ilikuwa siku ya kumuenzi Cal Ripken mdogo, mwana wa yule mkubwa, miaka 30 tangu avunje rekodi ya kucheza michezo mfululizo bila kukosa. Yoshinobu Yamamoto, mrushaji wa Dodgers, alikuwa hajaruhusu pigo hata moja, amebaki mtu mmoja tu wa kutolewa, na mimi nilikuwa nimeshasimama kwenye ngazi niwahi gari. Holliday akaupiga nje. Nilirudi kuketi, na kabla hatujaondoka tulikuwa tumeshinda 4–3.

Kwa hiyo jezi usiirudishe. Yangu bado kola yake ni mpya kwa sababu ya miezi ile ya kabatini, na mwanangu hunitania kwayo kila msimu unapofunguliwa. Yako ivae Aprili, hata siku ambayo kijana ametolewa kwa straiki mara tatu, na kama utazomea, zomea kwa lugha ambayo mtoto wako haijui.