Mbona mpiga tabla anaongea kabla hajapiga?

SWALI: Shikamoo mhariri, nimeangalia dokumentari ya Zakir Hussain, yule fundi wa tabla (zile ngoma mbili ndogo za mkono) wa India, kuna mahali anatamka "dha dhin dhin dha" haraka haraka ndo anapiga, ule ni wimbo au?

JIBU: Marahaba. Sio wimbo, kila pigo la tabla lina jina lake, mwanafunzi anatamka kwanza, mdomo ukishashika ndo mikono inafuata, "dha" ni mikono miwili kwa pamoja. Na Zakir alisimulia kwamba alipozaliwa Mumbai 1951 baba yake Alla Rakha, naye bingwa wa tabla, alimnong'oneza midundo hiyo sikioni badala ya dua, mtoto mchanga kabisa! Irudie hiyo sehemu uhesabu mapigo 16 ya teental, yaani mzunguko mmoja wa midundo, kwa makofi, utaielewa vizuri zaidi mikono yake.