Kisanduku cha Vitabu Mtaani: Maswali Yenu

Visanduku vya "chukua kitabu, weka kitabu" vimewagusa wengi wenu mlioko Marekani. Nimejibu machache.

Nikiweka kisanduku mbele ya nyumba, nahitaji kibali? (Baba, Columbus)

Ukipanga, muulize mwenye nyumba. Ukimiliki, uliza manispaa. Mwaka 2014 huko Leawood, Kansas, mtoto wa miaka 9 aliamriwa kuondoa chake, mpaka madiwani walipolegeza sheria. Kusajili kwa Little Free Library, shirika linaloeneza visanduku hivi, kuna ada, nawe unapata kibao chenye namba. Usiposajili, sawa, ila usitumie jina lao.

Kisanduku cha mtaani kwetu kimejaa vitabu vya watoto wa Kizungu. Wanangu ni Wakongo. Nifanyeje? (Mama wa watatu, Minneapolis)

Dada, uko karibu na chimbuko lenyewe. Todd Bol alijenga kisanduku cha kwanza mwaka 2009 huko Hudson, Wisconsin, ng'ambo tu ya mto ukitoka Minnesota, kwa mfano wa kijishule, kumkumbuka mama yake aliyekuwa mwalimu. Mwaka 2020, baada ya George Floyd, mtu mweusi, kuuawa na polisi jijini kwenu, shirika aliloanzisha Bol, Little Free Library, likaanzisha Read in Color, mpango wa kusambaza vitabu vya watu wa kila rangi, asili na hali.

Lakini usiwangoje. Upungufu huu ni wa zamani: mwaka 1985, kati ya vitabu vya watoto kama 2,500 vilivyochapishwa Marekani, vya waandishi na wachoraji weusi vilikuwa 18 tu, kwa hesabu ya Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison. Anza na viwili vitatu. Tafuta kile ambacho mtoto mweusi anang'oka jino, anagombania baiskeli na dada yake, anaogopa giza. Vya utumwa na mapambano viwepo pia, ila vikiwa peke yake, mtoto wa jirani atadhani sisi tumezaliwa kuteseka tu.

Vya Kiswahili nitavipata wapi? (Msomaji, Dallas)

Tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure, Kiswahili kikiwemo, na ruhusa ya kuchapisha. Chapa pande mbili, kunja, piga stepla mgongoni. Soma kwanza kwa sauti, maana watumiaji hutafsiri wenyewe na makosa hayakosekani. Weka na nakala ya Kiingereza ubavuni, jirani naye asome.

Vitabu vyangu vyenye wasichana wa hijabu hutoweka usiku uleule. (Dada, Portland)

Huenda vinapendwa. Huenda kuna anayevichuja, au anayeviuza. Piga mhuri wa "hakiuzwi" ukurasa wa kwanza, kisha weka kimoja kimoja badala ya vyote kwa mpigo. Matangazo ya hasira mlangoni acha. Yanamfurahisha mchujaji na kuwatisha watoto.

Nimeweka vitabu vyangu vya uhasibu vya chuo, mbona havichukuliwi? (Kaka, Houston)

Kaka, vitoe.