Paka Hawali Sinia Moja

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Una paka zaidi ya mmoja, na kila mmoja ana chakula chake kinachomfaa. Unawalishaje ndani ya nyumba moja?" Nimelisoma asubuhi nikiwa nachambua dagaa. Nimenawa mikono nikatafuta kalamu, maana hili limeninyima usingizi kwa miaka miwili na sasa nina la kusema.

Naishi Uyole, Mbeya. Nanunua na kuuza mahindi na maharage, na nyumba yenye stoo ya magunia haikai bila paka. Ninao watatu wakubwa. Pusi ni jike wa miaka 13, figo zake zimechoka. Komando ni dume aliyehasiwa, mnene, na aliwahi kuziba mkojo akabaki kidogo afe. Zabibu ananyonyesha watoto watatu wa wiki saba ambao wameshaanza kula. Midomo sita, vyakula vitatu.

Jibu langu ni hili: kupika si kazi. Kazi ni kuhakikisha kila mmoja amekula cha kwake na hakugusa cha mwenzake. Nilichelewa kulijua hilo kwa sababu nilikuwa nawalisha paka kama tunavyolishana sisi watu, sinia moja katikati, karibuni wote. Kwetu kula pamoja ni upendo. Nilikuwa nikiwaona wameinamisha vichwa kuzunguka sinia, moyo unatulia. Kumbe paka hana sinia la ukoo. Anawinda peke yake, anakamata panya mmoja, anamla peke yake, na baada ya saa kadhaa anatafuta mwingine. Ukimbananisha na wenzake, ama anafakamia kabla hajanyang'anywa, ama anajiondokea kimya. Mwenye nguvu ananenepa, mnyonge anakonda, na wewe ukiona sinia jeupe unajua wote wameshiba.

Hivyo ndivyo Pusi alivyokonda mbele ya macho yangu. Nilijua ni uzee. Alikuwa anakunywa maji kwenye beseni la vyombo, kwenye ndoo ya kufulia, hata kwenye sahani ya mtungi wa maua, na karai lake la mchanga lilikuwa linalowa kuliko la wengine wote. Nilifurahi kwamba anakunywa maji. Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo alikuwa na kilo 2.6, na vipimo vya damu na mkojo vikaonyesha figo. Daktari akanieleza kwamba ugonjwa huu ukishaonekana kwenye damu, figo zinakuwa zimepoteza takriban robo tatu ya uwezo wake. Nilirudi nyumbani nimempakata kwenye kanga, najilaumu njia nzima kwa ile furaha yangu ya maji; kumbe ile kiu ilikuwa ya figo.

La Komando lilikuwa baya zaidi. Ilikuwa Julai, baridi ya Uyole mnaijua. Jioni nikamwona anaingia kwenye karai, anachuchumaa, anajikamua, anatoka bila kitu, anajilamba, anarudi tena. Mara ya nne akalia. Nikasema ni choo kigumu, nikamnywesha kijiko cha mafuta ya alizeti nikaenda kulala. Asubuhi alikuwa anatapika, na nilipomshika tumbo nikagusa kitu cha mviringo, kigumu kama chungwa. Kilikuwa kibofu. Nikakodi bajaji mpaka mjini. Daktari akampitisha mpira mwembamba, ukatoka mkojo wenye damu na chenga kama mchanga wa mtoni. Akaniambia njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana. Ikiziba, sumu inarudi kwenye damu, potasiamu inapanda, moyo unasimama. Siku mbili zinatosha kumuua. Mimi nilikuwa nimeshachezea usiku mzima.

Tangu siku ile nilianza kusikiliza kwa makini. Kijana wa dada yangu anasoma udaktari wa wanyama Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro, na nimemsumbua kwa simu kuliko mama yake anavyomsumbua.

Nianze na dagaa, kwa sababu huku kwetu chakula cha paka ni dagaa: wa Ziwa Nyasa wanaopanda kutoka Kyela, au wa Mwanza na Kigoma. Nilikuwa nawamwagia wakavu, wote sawasawa. Lakini dagaa mkavu hana maji, wakati panya ambaye paka ameumbwa kumla ni maji takriban sehemu saba kati ya kumi. Paka kwa asili hana kiu kubwa. Maji mengi anayapata ndani ya nyama. Mpe vikavu kila siku, hasa wakati wa baridi, na mkojo wake unakuwa mzito. Halafu kuna mifupa. Mfupa wa dagaa una kalsiamu na fosforasi. Kwa Zabibu anayenyonyesha na watoto wake wanaoota mifupa, hiyo ni neema. Kwa Pusi, fosforasi ni mzigo ambao figo zake haziwezi tena kuutoa. Dagaa yuleyule, sufuria ileile, anamjenga mmoja na kumchosha mwingine.

Kwa hiyo sasa nachambua. Naloweka dagaa kwenye maji ya uvuguvugu, naosha mara mbili kutoa mchanga na chumvi, kisha nagawa mafungu. La Zabibu na wanawe linabaki na vichwa na mifupa. Nalitwanga kwenye kinu kidogo baada ya kuchemsha. La Komando linapikwa kwa maji mengi liwe supu hasa. La Pusi ni dogo kuliko yote: nampasua dagaa kwa ukucha wa dole gumba, namvuta mti wa mgongo pamoja na kichwa, inabaki minofu miwili myembamba kama njiti za kiberiti. Yeye chakula chake kikuu ni nyama ya kuku isiyo na mfupa na ute wa yai uliopikwa, kwa sababu ute una protini nzuri na fosforasi kidogo. Viwango nilipangiwa na daktari, na ninamwomba msomaji mwenye paka wa figo asijipangie mwenyewe; ukimpunguzia protini mzee aliyekonda kwa kubahatisha, unammaliza misuli.

Mbali na dagaa, kila baada ya siku mbili nachemsha sufuria ya moyo wa ng'ombe na firigisi kutoka bucha la hapa Uyole. Siweki chumvi, wala kitunguu maji, wala kitunguu saumu. Vitunguu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Ule mchuzi simwagi. Paka lazima apate kitu kinachoitwa taurini, ambacho mwili wake hautengenezi cha kumtosha. Kiko kwenye nyama na samaki, na kwenye moyo kiko kwa wingi, lakini kinayeyukia kwenye maji ya kuchemshia. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka waliokosa taurini walipata ugonjwa wa moyo kutanuka, na walipopewa taurini wengi walirudi katika hali nzuri. Taurini ikikosekana kwa muda mrefu macho nayo yanapofuka. Ndiyo maana ugali mtupu uliolainishwa na mchuzi wa maharage, ambao paka wengi wa mikoa yetu ndio wanaoupata, si chakula cha paka hata akiumaliza. Na unga ulioota ukungu usimpe mnyama yeyote. Sumukuvu haichagui.

Maini nawapa mara moja kwa wiki, kipande kidogo, kwa sababu vitamini A ikizidi inawaharibu mifupa. Maziwa siwapi wakubwa, hata yale mazuri yanayotoka Tukuyu, wengi wanaharisha. Zabibu na watoto naongezea chakula cha pakiti cha watoto wa paka kutoka duka la mifugo mjini, nakilowesha. Ni ghali, lakini ni miezi michache, na sufuria yangu peke yake naijua haikamilishi kila kitu.

Sasa nije kwenye bakuli, ambako ndiko wengi tunashindwa.

Pusi anakula chumbani kwangu, mlango umefungwa. Anakula mara nne kwa siku, kidogo kidogo, na kila mara napasha chakula chake kiwe vuguvugu kama panya aliyekamatwa sasa hivi. Pua ya paka mzee imechoka; chakula kilicholala usiku wa baridi hakina harufu kwake, atakinusa na kukipa mgongo. Mwanzoni nilikuwa nasema hana hamu ya kula. Hamu alikuwa nayo.

Komando anakula stoo, asubuhi na jioni. Zabibu anakula juu ya kabati la jikoni, ambako Komando kwa unene wake hafiki, na yeye anaongezewa kila anapoomba, maana mama anayenyonyesha anaweza kuhitaji mara mbili hata mara tatu ya chakula chake cha kawaida.

Watoto ndio walionipa shida, kwa sababu wanakula mara nne na wanacheza na chakula. Nikachukua tenga la mianzi, lile la kubebea nyanya, nikaligeuza kifudifudi na kuinua upande mmoja kwa nusu tofali. Juu nikaweka jiwe la kusagia. Watoto wanapita chini bila kuinama. Kichwa cha Komando kinaishia masikioni. Siku ya kwanza alizunguka tenga mara tatu, akalala ubavu, akaingiza mkono wote mpaka begani, akavuta kipande cha firigisi kwa kucha mbili. Nikasogeza bakuli katikati kabisa. Alijaribu kwa siku nne, ya tano akaacha.

Dakika ishirini zikipita, bakuli zote zinaondoka, ziwe na mabaki zisiwe nayo. Hii inaniuma kidogo kwa sababu nimelelewa kutomwondolea mtu chakula mbele yake. Lakini bakuli linaloachwa sakafuni ni la Komando, hata uliandike jina la nani. Na bakuli ninaloliondoa likiwa na mabaki linaniambia jambo siku hiyohiyo: huyu hakula. Zamani nilikuwa nalijua hilo baada ya mwezi, mbavu zikishatoka.

Maji yako sehemu tano, mbali na chakula. Bakuli moja lina maji niliyotia vijiko viwili vya supu ya dagaa isiyo na chumvi, ya vuguvugu. Hilo ni la Komando, na tangu tulipoanza hajaziba tena.

Unene wake nao tumeushughulikia. Alikuwa na kilo 6.4. Jirani aliniambia nimfungie bila kula siku tatu, nashukuru sikumsikiliza. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta yanavamia ini na anaweza kufa. Nimempunguzia kijiko kwa kijiko. Nampima kila Jumapili kwenye mizani yangu ya kuning'iniza, ile ya viroba, namweka ndani ya kikapu na kutoa uzito wa kikapu. Nusu mwaka amefika kilo 5.4. Wateja wangu wanaingia wanamkuta ananing'inia kwenye ndoano, wameshazoea.

Kuna wanaosema paka akilishwa hakamati panya. Nimekaa na paka tangu nikiwa msichana na naona ni kinyume. Njaa peke yake siyo inayomfanya awinde. Hata akiwa ameshiba, panya akipita mbele yake mwili wake unaruka wenyewe. Mwenye njaa kali anatanga kwa majirani akiiba, na huko ndiko anakokula panya aliyekufa kwa sumu. Zabibu ameshiba vizuri na wiki iliyopita ameniletea wanne kutoka kwenye mahindi.

Majirani nao ilibidi niwafuate. Mtoto wa nyumba ya pili alikuwa anamrushia Komando vichwa vya dagaa wa kukaanga kila jioni kwa upendo. Nilikwenda kuzungumza na mama yake, nikamweleza ule usiku. Sasa mtoto anakuja kwangu, nampa yeye kijiko cha Komando aweke mwenyewe kwenye bakuli, na hakuna anayejivunia kazi hiyo kuliko yeye.

Ninaposafiri kwenda kununua mahindi Rukwa, dada wa kazi anabaki nao. Nimebandika karatasi kwenye mlango wa kabati. Imeandikwa kila jina, mahali anapokulia, na saa zake. Pusi: chumbani, mlango ufungwe, chakula kipashwe. Watoto: tenga, jiwe lisisahauliwe. Panadol asipewe paka yeyote hata akiwa na homa, inaua. Na mstari wa mwisho nimeuandika kwa kalamu nyekundu: Komando akiingia kwenye karai mara mbili bila kukojoa, usinisubiri mimi wala asubuhi, mpigie daktari, namba iko chini hapa.