Buibui Silivui Hata Ukumbini

SWALI: Nina miaka 29, naishi Langoni, Lamu. Nilijifungua mtoto wa pili miezi saba iliyopita, na tumbo limelegea, limejaa michirizi. Harusini wenzangu huvua mabuibui, mimi hubaki nalo nikisingizia kunyonyesha. Mashoga wanasema nimejiachilia. Nifanyeje?
Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili, hujajiachilia. Tumbo la uzazi hurudi ukubwa wake kwa wiki sita hivi, lakini ngozi na misuli iliyovutika miezi tisa hukawia zaidi. Michirizi hufifia polepole, haifutiki kabisa, na hakuna mafuta ya kuifuta. Pesa ya mafuta hayo iweke. Kazi yako sasa ni ya macho.

Kila siku jifungie chumbani dakika tano, umevaa kanga moja nyepesi. Simama mbele ya kioo kirefu, mbali kiasi cha kujiona mwili mzima. Anzia kichwani ushuke hadi vidole vya miguu, ukitaja kwa sauti rangi, umbo na ukubwa wa unachokiona. “Ngozi chini ya kitovu ni laini, ina mistari” ni maelezo. “Tumbo limeharibika” ni hukumu. Hukumu ikikuponyoka, itaje sehemu hiyo upya. Tumbo lipe muda ule ule unaoyapa mabega, usiliruke wala usiligande. Wengi hukosea hapa: hukisogelea kioo mpaka waone kipande kimoja tu cha ngozi, au huanza kuminyaminya nyama, na kila wakiminya ndivyo kasoro inavyozidi kukua machoni mwao. Siku za mwanzo moyo utachafuka. Baki hapo mpaka utulie, kwa sababu ukikimbia akili inajifunza kwamba tumbo lako ni kitu cha kuogopwa. Nje ya dakika hizo, kioo ni cha kuchania nywele na kufungia mtandio.

Dirii za zamani zinazobana zitie sandukuni, fundi akushonee moja kwa kipimo cha leo. Inayobana hukukumbusha tumbo kila unapoketi.

Buibui livue kwa hatua: kwanza nyumbani kwa dada yako, kisha kwa jirani mnapokunywa chai, halafu ukumbini nusu saa. Hatua ikiwa nzito, irudie kabla ya kusonga mbele. Shoga akianza, mwambie, “Habari za mwili wangu tuziache, nipe za bibi harusi,” kisha endelea na mengine. Usijitetee, utetezi huzaa maswali.

Usijinyime chakula. Anayenyonyesha huhitaji kalori kama 400 hadi 500 zaidi kwa siku, na njaa huongeza uchovu na hasira juu ya mwili huo huo.

Ikiwa unaruka milo makusudi, unajitapisha, au huzuni imekushika wiki mbili mfululizo, usingoje chanjo ya mtoto ya miezi tisa. Nenda hospitali ya King Fahd wiki hii, umweleze muuguzi wazi, hata hilo la kujitapisha.